Rovu la Nyanjige na Sisi Wafariji Wake

Kwaya ya kigango chetu ina waimbaji ishirini na wawili, na kwa miaka kumi na tisa watu walikuja kumsikiliza mmoja tu. Sisi wengine tulisimama naye ili asionekane yuko peke yake. Mimi ni mwalimu mstaafu, jina langu Marcelo, naimba besi. Nimeiimba tangu ujana wangu, na mpaka leo hajatokea mtu wa kuniambia kwamba alinisikia.

Huyo mmoja alikuwa Benedikta Nyanjige, mke wa Masunga. Jina la Benedikta lilikuwa la kwenye cheti cha ubatizo na la siku ambazo Padri anatutembelea. Siku nyingine zote alikuwa Nyanjige, na kwa vijana, Mayu Nyanjige, yaani mama. Kijiji chetu kipo upande wa Nkololo, mwendo wa saa moja kwa pikipiki kutoka Bariadi mjini kama mvua haijanyesha. Kama imenyesha, unaomba kwanza.

Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye mikono mipana ya mtu aliyechuma pamba tangu utotoni. Kusoma alijua, noti hakuzijua wala hakuzihitaji. Akisikia wimbo mara mbili, umekuwa wake. Alipoanzisha "Bwana utuhurumie", hata wale waliokuja kanisani kuonyesha viatu vipya walikumbuka kwamba wana dhambi.

Masunga, mumewe, hakuwa Mkristo. Alikuwa na ng'ombe. Sisemi kwa ubaya. Hilo ndilo jibu alilompa yeye mwenyewe kila katekista aliyemuuliza dini yake. Alikuja kanisani Krismasi tu, akaketi karibu na mlango, akamsikiliza mkewe kwa utulivu, na pilau lilipoiva akaonyesha imani kubwa kuliko sisi wote.

Miaka sita iliyopita rovu lilimwota Nyanjige shingoni. Mwanzoni lilikuwa dogo kama limau, akalifunika kwa khanga. Mwaka uliofuata lilikuwa kama chungwa, na khanga ikawa inalionyesha badala ya kulificha.

Kigango chetu hakina tukio lisilo na sababu, na hakuna sababu asiyoijua Januarius, mwenyekiti wa jumuiya yetu. Januarius ni mtu mwema, na hapo sitanii. Msiba ukitokea ni wa kwanza kufika, na ni wa mwisho kunyamaza. Alilichunguza lile rovu Jumapili mbili tatu kutoka kwenye benchi lake, kisha akatufahamisha kwamba ni kiburi. Kwa nini Mungu aligusa shingo, akauliza, wala si goti? Kwa sababu sauti inapita shingoni. Watu wakatikisa vichwa kwa kustaajabia hekima hiyo. Mimi pia nilitikisa, maana nilikuwa nimeketi mbele na nilikuwa naonekana.

Upande wa Masunga kulikuwa na shangazi mmoja mzee ambaye naye hakukosa maelezo. Alisema mababu wamechukia. Mke wa ukoo wao anawaimbia wafu wa watu wengine kila Jumapili, watakatifu sijui gani wa Ulaya, ilhali wenye boma lao hawaimbiwi hata siku moja. Akataka mbuzi mweusi achinjwe na mganga aitwe. Hivyo shangazi na Januarius, ambao hawakuwahi kusalimiana vizuri kwa miaka ishirini, wakawa wamekubaliana jambo moja bila hata kukutana: kosa ni la Nyanjige.

Yeye aliendelea kuchuma pamba, kukamua ng'ombe, na kuimba.

Wanawake wa kwaya walimwonea huruma, wakaamua kumpeleka Bariadi, ambako mtumishi mmoja wa Mungu kutoka Dar es Salaam alikuwa amepiga hema la uponyaji. Sisi Wakatoliki hatuendi kwenye mahema ya manabii. Tukienda, tunajifunika kitenge mpaka usoni. Wakaenda wanawake watano waliojifunika hivyo, wakakuta humo ndani nusu ya kigango chetu imejifunika vilevile, na hakuna aliyemtambua mwenzake kwa sababu ya heshima.

Mtumishi alivaa suti nyeupe, na vipaza sauti vyake vilisikika mpaka mnadani. Alimpaka Nyanjige mafuta shingoni, akamwekea taulo, akakemea kwa dakika kumi, kisha akatangaza kwamba uvimbe umeyeyuka. Umati ukashangilia. Nyanjige akapeleka mkono shingoni akalikuta rovu lake lipo, sasa limekuwa na mafuta. Akamwonyesha mtumishi. Mtumishi akamweleza kwa upole kwamba anachokishika ni kivuli tu cha ugonjwa, na kwamba wenye imani wanaiona shingo laini kabisa.

Waliporudi kijijini, wale wanawake wakamsimulia Masunga habari hiyo njema. Masunga akaitazama shingo ya mkewe, akazunguka upande wa pili, akaitazama tena kama anayekagua ng'ombe wa kununua.

"Mimi sijabatizwa," alisema. "Labda ndiyo maana bado naliona."

Miezi ikapita na rovu likaanza kumkaba. Akilala chali anakosa hewa, kwa hiyo akawa analala ameegemea ukuta. Kwenye wimbo wa matoleo alianza kukatika katikati ya mstari, na sisi tuliomzoea atubebe tukajikuta tunatembea kwa miguu yetu wenyewe, na kanisa zima likatusikia jinsi tulivyo. Ndipo alipokwenda hospitali. Daktari wa Bariadi akaandika barua ya kumpeleka hospitali kubwa Mwanza, na Masunga, ambaye hakuwahi kuuza ng'ombe kwa sababu nyingine isipokuwa kununua ng'ombe, alimpeleka mnadani dume wake bora. Shangazi alipouliza ni mganga gani huyo anayetaka dume zima, Masunga alimwambia ni mganga mwenye kisu.

Daktari wa Mwanza alikuwa kijana na hakujua kupamba maneno. Aliwaambia kwamba rovu lina mizizi mirefu na limeuzingira mshipa unaoendesha sauti. Anaweza kulitoa, ila kuuokoa mshipa hawezi kuahidi. Inawezekana mama akapona na asiongee tena kama zamani. Kuimba ndiyo asitegemee kabisa. Na lisipotolewa, akasema, litaziba njia ya hewa. Ni suala la miezi. Akampa siku kumi akafikiri.

Nyanjige alirudi nyumbani akafikiri siku zote kumi. Hakumwambia mtu kwenye kwaya. Jumapili iliyoangukia katikati aliimba kama kawaida, akikatika na kupumua, akikatika na kupumua, na sisi tulinong'ona kwamba sasa angempisha mwingine tu.

Siku ya safari basi lilisimama Lamadi, abiria wakashuka kununua samaki. Masunga ndiye aliyenisimulia haya, na Masunga si mtu wa kuongeza chumvi. Hata ya kwenye mboga huwa inamtosha kidogo. Nyanjige hakushuka. Alikaa dirishani upande unaoelekea ziwani, akaanza kuimba kwa sauti ya chini wimbo wa matoleo, ule ule uliomshinda Jumapili. Aliuimba wote, beti zote nne, akipumzika kila alipoishiwa hewa na kuendelea pale alipoachia. Mama mmoja aliyebeba ndoo ya dagaa akasimama chini ya dirisha mpaka mwisho, kisha akaomba aurudie. Nyanjige akamwambia amechoka. Masunga aliniambia kwamba wakati ule ndipo alipoelewa kwamba mkewe alikuwa anaaga, na kwamba alijifanya anahesabu vichwa vya samaki kwenye sinia la muuzaji.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Rovu lilitoka. Mshipa haukuokoka.

Alirudi na kovu jekundu shingoni na mnong'ono. Sijui niueleze vipi. Ulikuwa kama magunzi yanayoburuzwa juu ya turubai. Ukitaka kumsikia ilibidi uwe karibu kiasi cha kusikia pia anavyopumua, na kupumua alikuwa anapumua vizuri sana.

Basi, wafariji tukaingia kazini.

Ujumbe wa jumuiya ulifika jioni ya siku ya pili na kilo mbili za sukari na hotuba ya dakika arobaini na tano. Januarius alieleza kwamba Mungu amempunguzia mzigo. Mama mmoja akasema ni jaribu, na kwamba Mungu hampi mtu jaribu asiloliweza, jambo ambalo siku zote husemwa na mtu asiye na jaribu lolote siku hiyo. Mwingine alisema ashukuru kwamba si macho. Mwingine akamkumbusha kwamba mbinguni ataimba na malaika. Nyanjige akatikisa kichwa kwa kila mmoja, akawapikia chai kwa sukari yao wenyewe.

Mimi nilisubiri wiki moja, kwa kuwa nilitaka nije peke yangu na kitu cha maana zaidi. Mwalimu hawezi kwenda na sukari tu. Nilichagua habari za Zakaria, baba yake Yohane Mbatizaji, katika sura ya kwanza ya Luka, kuonyesha kwamba hata kuhani mkubwa alipata kufungwa kinywa. Nilianza vizuri. Hekalu, uvumba, malaika upande wa kuume wa altare. Nilipofika mahali malaika anapomwambia kwamba atakuwa bubu kwa sababu hakuyasadiki maneno yake, nikaona somo linakonipeleka. Lakini nimefundisha miaka thelathini na tatu, na sijawahi kuacha kipindi katikati. Nikamaliza.

Nyanjige aliniashiria nisogee. Nikasogeza sikio.

"Mwalimu," alinong'ona, "Zakaria alirudishiwa sauti mtoto wake alipozaliwa. Mimi nina miaka hamsini na miwili."

Nikaaga.

Kwaya haikumtupa, tusisingiziwe. Tulimpa cheo cha mlezi wa kwaya, ambacho tulikibuni mazoezini jioni ile ile na ambacho kazi yake hadi leo haijaandikwa popote. Nafasi yake ya kuanzisha nyimbo akapewa Joyness, binti wa miaka ishirini na mitatu aliyesoma Mwanza. Anaimba vizuri, na habari hizo anazo. Tukanunua kinanda na spika kubwa mbili. Januarius alisema Mungu akifunga hapa anafungua pale, na kweli spika zile zilifungua masikio ya kijiji kizima, hata ya wale waliokuwa wamelala.

Nyanjige hakuja kukishika cheo chake. Alikosa Jumapili ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ilipofika ya nane, watu walianza kusema amerudi nyuma kiimani, wakaniomba mimi kama katibu wa kwaya niandike barua. Niliandika. Naona aibu kuisema, ila niliiandika, na nikaweka namba ya kumbukumbu juu.

Aliyokuwa akifanya wakati ule nilikuja kuyasikia kwake baadaye sana. Kila asubuhi, akishakamua, aliketi kwenye gogo ndani ya zizi, ng'ombe wakiwa wameshatoka, akamsema Mungu. Hakusali, alisisitiza hilo. Alimsema. Alimwambia, nilikuomba pumzi, umenipa, wabeja sana. Sikujua kwamba ukiomba pumzi, sauti unaiombea kwenye foleni nyingine. Alimwambia, hao ishirini na mmoja wana sauti zote nzima, na wewe unajua wanazifanyia nini. Alimwuliza kama kuna siku aliyomwimbia vibaya. Siku nyingine alikaa tu, amekunja uso, kama mtu aliyenuniana na mwenye nyumba lakini hana pengine pa kwenda. Masunga akipita nje ya zizi alisikia mnong'ono, akadhani mkewe anaongea na ndama, akaona ni jambo la kawaida kabisa.

Jumapili ya tisa alirudi kanisani. Januarius alitangaza kwamba maombi ya jumuiya yamejibiwa. Mimi moyoni nilijua ni ile barua yangu yenye namba ya kumbukumbu. Sababu yenyewe ilikuwa nyingine. "Nilichoka kumgombeza kwangu kila siku," aliniambia. "Nikaona nimfuate kwake."

Alisimama safu ya mbele ya alto, akavaa sare, akafungua kinywa pamoja nasi. Hakikutoka kitu. Alifungua kinywa hivyo wimbo mzima, uso mkavu, na Joyness alimtazama mara moja, akakosa mstari.

Mwezi wa sita mwaka ule, pamba ikiwa imefunguka mashambani, mtoto wa Kija alifariki. Kija alikuwa jirani, nyumba ya tatu kutoka kwa Masunga, binti wa miaka ishirini na miwili ambaye mumewe anafanya kazi ya samaki Lamadi na hurudi mara moja kwa mwezi. Mtoto alikuwa wa kike, wa miezi saba. Homa ilimshika Jumanne, Alhamisi tukamzika. Mume alikuja mazikoni, na kazini wakamwita tena baada ya siku mbili.

Tulifika sote. Januarius akazungumza karibu na kaburi, akasema Mungu alihitaji malaika mdogo mbinguni. Kija alikuwa amekaa chini kwenye mkeka. Akainua kichwa.

"Hao alionao hawatoshi?" aliuliza.

Watu wakasema ni uchungu tu, msimjali, ingawa njiani kurudi ilikubaliwa kwamba lilikuwa ni swali la utovu wa adabu. Kija akaingia ndani na kufunga mlango. Wanawake wa jumuiya walikwenda kesho yake na aya za Maandiko, akawasikiliza akiwa amegeukia ukuta. Walikwenda tena, hakuwafungulia. Pamba yake ikaanza kudondoka chini shambani, na yeye hali wala haogi.

Yaliyofuata Kija alimsimulia mke wangu, Veronica, na Veronica akanisimulia mimi. Kwa hiyo mkilaumu, laumuni nyumba yangu.

Nyanjige alikwenda kwa Kija asubuhi moja na kibuyu cha maziwa. Hakubisha hodi, kwani hodi yake isingesikika. Akasukuma mlango tu. Akamkuta amelala sakafuni, akaketi karibu naye, akakaa hapo muda mrefu bila kusema kitu, kwa sababu nzuri kabisa kwamba hakuwa na cha kusemea. Kisha akainuka, akafagia, akaosha vyombo vilivyokuwa vimelala siku nne, akapika uji wa mtama akautia maziwa, akauweka pale karibu, akatoka. Kija alimsikia shambani akichuma pamba. Mchana akarudi, akakuta uji umepungua kidogo, akapika mwingine. Kambani nje kulikuwa na nguo za mtoto ambazo hakuna aliyethubutu kuziondoa wala kuzisahau. Nyanjige alizipita kila mara, hakuzigusa.

Siku ya pili akafanya vilevile. Ya tatu vilevile.

Siku ya nne Kija alianza kuongea. Alisema mtoto alikuwa ameota jino la kwanza Jumapili, siku mbili kabla ya homa, na kwamba alikuwa hajamwambia mtu, alikuwa anamsubiri baba yake aje alione. Akaendelea kutoka hapo. Aliongea mpaka jua likateremka. Nyanjige alikuwa akichambua pamba mapajani, anatikisa kichwa, na mara moja, waliposikia ndege nje wakipiga kelele, Kija alicheka kitu fulani kuhusu mtoto na ndege, halafu akalia kwa mara ya kwanza tangu mazikoni.

Alipotulia, alimwomba amwombee.

Nyanjige akaanza Baba Yetu. Kija hakusikia, akasogea mpaka sikio lake likawa karibu na kinywa chake, na akawa anarudia kila neno kwa sauti ili asilipoteze. Baba yetu uliye mbinguni. Jina lako litukuzwe. Ufalme wako ufike. Utakalo lifanyike. Hapo mnong'ono ukakatika. Kija alisubiri. Akadhani labda amechoka koo.

"Mama, umeishiwa?"

"Hapana," Nyanjige alinong'ona. "Hapa huwa ninakwama. Tupumzike kidogo."

Wakapumzika. Kija alimwambia Veronica kwamba walikaa hivyo kwa muda wa kutosha maji kuchemka, wawili wao, sakafuni, kwenye neno hilo. Kisha Nyanjige akashika mkono wake, akasema, duniani kama mbinguni, na wakamaliza. Kesho yake Kija alitoka nje, akaziondoa zile nguo kambani mwenyewe, akaenda shambani kuchuma pamba iliyobaki.

Habari zikasambaa. Kwanza walikuwa majirani. Mzee mmoja aliyepooza alitaka Nyanjige aje akae naye, kwa kuwa wengine walikuwa wanamweleza habari za Lazaro. Mama mmoja ambaye mwanawe alifungwa jela akamtuma mtu kumwita. Halafu wakaja watu wa vijiji vya mbali, baadhi yao Waprotestanti, wawili watatu wasio na dini yoyote, na siku moja akaja, akiwa amejifunika kitenge, shangazi wa Masunga, ambaye macho yake yalikuwa yameanza kufifia. Aliketi kwa Nyanjige kuanzia asubuhi hadi adhuhuri. Waliongea nini sijui. Masunga alisema tu kwamba shangazi alipoondoka alimsalimia mkewe kwa heshima ya mtu mzima kwa mtu mzima, na kwamba hakumtaja mbuzi.

Jambo jema kama hilo halikuweza kuachwa hivi hivi bila uongozi. Januarius akaitisha kikao, tukaunda Kamati ya Faraja. Yeye mwenyekiti, mimi katibu, Nyanjige mjumbe wa kawaida. Tulifanya vikao vitatu kujadili namna bora ya kukaa na mtu kimya, na katika kikao cha tatu peke yake Januarius alilizungumzia suala la ukimya kwa saa nzima. Nyanjige hakuhudhuria. Kumbukumbu zinaonyesha alikuwa na udhuru. Udhuru wake ulikuwa mgonjwa.

Mwaka juzi, masika yakielekea kuisha, Veronica alianguka jikoni Jumatatu asubuhi na hakuamka. Presha, walisema. Tulikuwa tumeishi pamoja miaka thelathini na minane.

Nilijifunza mengi wiki ile. Nilijifunza kwamba sentensi nilizowagawia watu maisha yangu yote huwa zinarudi. Januarius alinipa zote, moja baada ya nyingine, na nikazitambua kama mwalimu anavyotambua mwandiko wake. Mtu fulani aliniambia nishukuru kwamba hakuteseka. Mwalimu mwenzangu alinisomea habari za Ayubu na akaishia kabla ya mahali Ayubu anapoanza kukasirika. Nilitikisa kichwa kwa kila mmoja.

Nyanjige na Masunga walifika siku ya tatu baada ya mazishi, watu walipokuwa wamepungua. Yeye akaenda moja kwa moja jikoni, mahali ambapo sikuwa nimeweza kukanyaga, akawasha moto. Masunga akaketi nami nje. Akaniambia kwamba ng'ombe wake mmoja amezaa ndama mwenye baka jeupe usoni. Akanieleza mama yake ndama huyo alikuwa nani, na mama wa mama yake. Alikwenda vizazi vinne. Sijapenda ng'ombe maishani mwangu, na sikutaka anyamaze.

Jioni Nyanjige alitoka na ugali na mlenda, akaketi nasi. Nilikuwa na swali na sikuwa na nguvu ya kulizunguka. Nilimwuliza nguvu aliipata wapi, mwaka ule. Nilisema ninataka kujua kwa kuwa ninaihitaji. Nikasogeza sikio.

"Sikuipata, Mwalimu," alisema. "Niliamka asubuhi ng'ombe wanataka kukamuliwa. Mungu naye bado alikuwepo. Na mimi bado nilikuwa na hasira naye. Tukaendelea hivyo."

Nikamwuliza kama hasira iliisha.

Alifikiri. "Siku nyingine inakuja. Lakini sasa tumezoeana." Kisha akasukuma sahani kwangu. "Kula. Unaongea na njaa."

Nikala. Kilikuwa chakula cha kwanza nilichosikia ladha yake tangu Jumatatu. Walipoondoka nilijaribu Baba Yetu, na sitawadanganya kwamba niliimaliza. Nilikwama palepale anapokwama yeye, nikakaa hapo. Siku iliyofuata niliivuka.

Sauti yake haijarudi. Daktari alikuwa amesema kwamba mara chache mshipa huamka ndani ya mwaka, kwa hiyo mwaka mzima Januarius alikuwa tayari na maelezo ya muujiza, na imebidi ayaweke kwa ajili ya mtu mwingine. Yule mtumishi wa suti nyeupe alishalikunja hema lake Bariadi na kwenda kuponya mkoa mwingine. Masunga bado hajabatizwa. Katekista anamtembelea kila Kwaresima, na kila Kwaresima anarudi anajua zaidi kuhusu ng'ombe. Kija ana mtoto mwingine, wa kiume, ana miaka miwili na kelele za kutosha kanisa zima. Joyness nimemwona mara mbili akimfuata Nyanjige kwa wagonjwa, amebeba kikapu, hasemi kitu, na ninaamini kwamba kwake hilo ni gumu kuliko noti zozote alizosoma Mwanza.

Jumapili iliyopita nafasi ya Nyanjige kwenye alto ilikuwa wazi. Alikuwa Nassa, kwa mvuvi ambaye mtoto wake alizama, mtu asiyemjua wala asiyetujua. Sijui alisikia wapi habari za mwanamke wa Nkololo. Wakati wa matangazo Januarius alisimama, akashika kipaza sauti kwa mikono miwili, akatufahamisha kwamba Kamati ya Faraja imemtuma mjumbe wake Nassa.

Kamati haikumtuma. Mimi ndiye katibu, ningejua.